Duma na pweza: nani mwindaji wa kweli? Kijiwe chetu Dodoma kimegawanyika

#1 Zabibu Chungu

Mbukwenyi wakuu.

Kijiweni kwetu Majengo kuna mtu wa Lindi aliyehamishiwa Dodoma kikazi. Jana kakaa na bakuli lake la supu ya pweza, akatutupia neno: eti huyu aliyemo bakulini ni mwindaji hodari kuliko duma. Kijiwe kizima kikalipuka.

Hoja yake ni kwamba duma kapewa mbio, kanyimwa vingine vyote. Mwili mwembamba, meno madogo, fisi akitokea anaacha nyama anaondoka. Pweza hana mfupa hata mmoja, anakamatwa na akina mama kwa kijiti, lakini huko mwambani kaa hawana raha kwa ajili yake.

Mimi Mgogo, nimekulia nyikani, bahari naiona nikienda Dar. Nasimama na duma. Mnyama anayekimbia kilomita 120 kwa saa utamlinganishaje na kitu kinachotambaa? Wajuvi wa mambo karibuni, ila tusitukanane.

#2 Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Supu ipite huku.

#3 Kalamu Nyekundu

Mleta uzi, hiyo 120 inaimbwa tu, hakuna aliyeipima vizuri. Kipimo kizuri cha zamani ni cha Kenya mwaka 1965, kikatoa kama kilomita 104 kwa saa. Mwaka 2012 kule Marekani, duma jike wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, jina lake Sarah, alikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Usain Bolt rekodi yake ni 9.58.

Lakini hao walikimbizwa na watu. Kwa wa porini, angalia Botswana. Watafiti wakiongozwa na Alan Wilson waliwafunga duma watano mikanda ya shingoni yenye vipima mwendo, wakachapisha matokeo 2013. Mbio 367 zilirekodiwa. Ya kasi kuliko zote ilifika kilomita 93 kwa saa, na nyingi hazikukaribia hapo kabisa. Kwa wastani kilele cha mbio moja kilikuwa kama 54. Umbali wa wastani ni mita 173 tu. Na alikamata kitu katika mbio moja kati ya kila nne hivi.

Kwa hiyo ukimsifia duma kwa kasi peke yake, umemsifia kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakitumii chote.

#4 Mpiga Debe wa Nane Nane

Kumbe! Basi SGR yetu inayokwenda 160 inamwacha duma Morogoro. Uzi ufungwe, treni imeshinda.

#5 Dereva wa Iringa Road

#4 treni haiwezi kumfuata swala akikata kona. Hapo ndipo penye utamu wa duma. Mimi napeleka wageni Ruaha, na kitu ambacho picha hazikuonyeshi ni breki zake. Swala anapinda ghafla, duma anapinda naye, vumbi linaruka upande mmoja, mkia unatupwa upande wa pili ili mwili usipinduke. Kucha zake haziingii ndani zote kama za chui, zinabaki nje kidogo zikishika ardhi, ni sawa na mchezaji aliyevaa njumu. Halafu ana ukucha wa pembeni, mkubwa, umepinda, uko juu kidogo ya wayo. Ule ndio unaomwangusha windo: anaunasa mguu wa nyuma au kiuno, swala anapoteza mwelekeo, basi.

Anachosema Kalamu kuhusu Botswana ni kweli kabisa. Mara nyingi anapunguza mwendo akiwa amebakiza hatua chache, ili aweze kugeuka. Mwenye haraka ya kijinga anapitiliza.

#6 Zabibu Chungu

#5 asante mkuu, hicho ndicho nilichotaka kusikia. Mtu wa Lindi yuko wapi?

#7 Ticha wa Bayo

Mimi si mtu wa Lindi ila nitamtetea. Naomba tuanze na mwili wa pweza, maana #1 amemdharau bila kumjua.

Pweza ana mioyo mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja unapeleka mwilini. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu oksijeni inabebwa na protini yenye shaba, wakati yetu ina chuma. Kila kinyonyeo kwenye mkono kinagusa na kuonja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo akitia mkono kwenye tundu asiloliona, anajua kilichomo kama kinalika.

Yule wa miamba yetu, anayewinda mchana, wataalamu wanamwita Octopus cyanea. Njia yake moja ya kuwinda ni hii: anafika kwenye bonge la tumbawe, anajitandaza juu yake na ule utando ulio kati ya mikono, analifunika lote, kisha ncha za mikono zinaingia kwenye kila upenyo. Kaa akikimbia huku anakutana na utando. Hajamwona kaa kabla, amekisia tu kwamba mahali pa namna hiyo hapakosi kitu. Chaza akikataa kufunguka, pweza anatoboa gamba kidogo kidogo, anaingiza mate yenye sumu, misuli inalegea.

Sasa niambieni, kati ya anayetimua mbio na anayefunga milango yote kabla hujajua kuna mgeni, mwindaji ni nani?

#8 Bwenini UDOM

Ticha umesahau kusema ana akili tisa. Moja kichwani na nane kwenye mikono. Ndiyo maana mkono ukikatwa unaendelea kufanya kazi zake.

#9 Kalamu Nyekundu

#8 hizo "akili tisa" ni za kwenye video za mtandaoni. Ubongo ni mmoja. Ila katika seli zake za fahamu, ambazo ni kama milioni 500, karibu theluthi mbili ziko mikononi, kwa hiyo mkono unajiamulia mengi bila kungoja amri. Mkono uliokatwa utajikunjakunja na kushika kwa muda. Kwenda sokoni kufanya kazi zake, hapana.

#10 Mpiga Debe wa Nane Nane

Kuna watu hapa wana ubongo mmoja na mikono miwili na bado havisikilizani. Napita tu.

#11 Binti Kisiwani

Salamu nyote. Mie mtu wa Pemba, nimeolewa huku, naishi Kisasa. Nawasoma mnavyomzungumza pweza nikawa nacheka peke yangu.

Bamvua likifika, maji yakitoka sana, tulikuwa tukishuka mwambani na mama na shangazi. Humtafuti pweza, unatafuta mlango wake. Utaona magamba ya kaa na makombe yametupwa mbele ya tundu, na vijiwe alivyovikokota mwenyewe kujizibia. Akiwa na takataka mbichi, yumo. Unaingiza kijiti taratibu. Akikigusa unajua mkononi, maana anakivuta kwake. Hapo mwenye pupa ndipo anapoharibu: ukimvuta kwa nguvu anajibana kwenye jiwe, utatoka na kipande cha mkono. Unamwachia kidogo, unamchokoza tena. Unatoka mkono mmoja, wa pili, kisha jicho linakutazama. Akijitokeza vya kutosha unamdaka, unamgeuza kichwa ndani nje, halafu jiwe na yeye mpaka alainike.

Na nyumba ikiwa nzuri, bamvua lijalo unamkuta mwengine kahamia.

Rangi yake ndiyo kiboko. Nimeshaweka mguu kando ya jiwe lenye majani na vipele kama mawe yote, jiwe likafungua jicho.

Kwa hivyo mleta uzi, kusema anakamatwa kwa kijiti si hoja. Anakamatwa kwa sababu ya ujasiri wake, hakubali kitu kigeni kiingie nyumbani kwake.

#12 Kiti cha Mbele

"Jiwe likafungua jicho." Dada umetisha. Mimi mwambani siendi tena.

#13 Mfugaji wa Chemba

Nyie wote mnasoma na kuadithiana. Mimi duma nimepambana naye. Usiku wa manane kaingia zizini, kachukua mbuzi, asubuhi tumemkuta kampandisha juu ya mgunga. Mnyama ana nguvu balaa, asidharauliwe.

#14 Dereva wa Iringa Road

Mzee wangu shikamoo. Huyo alikuwa chui. Duma hapandishi mzigo mtini, hana mwili huo, na kuwinda kwake zaidi ni mchana. Tena duma ana madoa meusi yaliyojaa, chui ana madoa yaliyokaa kwa vikundi vya duara vyenye uwazi katikati. Na duma ana mistari miwili myeusi inashuka kutoka kwenye jicho mpaka pembeni ya mdomo.

#15 Mfugaji wa Chemba

Marahaba. Mbuzi ameshaliwa, wewe unanihesabia madoa.

#16 Mpiga Debe wa Nane Nane

Mzee, siku nyingine mwombe namba ya NIDA kwanza.

#17 Bwenini UDOM

Hiyo mistari ya machozi kazi yake ni nini hasa? Nilifundishwa inapunguza mng'ao wa jua, kwa kuwa anawinda mchana.

#18 Dereva wa Iringa Road

Ndivyo tunavyowaambia wageni. Lakini wapo wanaosema inamsaidia kujificha uso kwenye majani, na wengine wanasema ni ya kuonyeshana hasira wao kwa wao. Mimi nachagua kulingana na mgeni aliyekaa mbele.

#19 Ticha wa Bayo

Turudi kwenye mada. Kuna jambo moja linawaunganisha hawa wawili ambalo hakuna aliyeligusa: wote hawana pumzi.

Pweza akitaka kukimbia anajaza maji mwilini, anayasukuma kwa nguvu kupitia mrija, anarushwa kinyumenyume. Ni haraka kweli. Lakini akiogelea hivyo, ule moyo wa kupeleka damu mwilini unasimama. Na damu yake ya shaba haibebi oksijeni nyingi. Ndiyo maana hupenda kutambaa. Duma naye mita mia mbili tatu, kwisha, anakaa chini kuhema kwa muda mrefu kabla hajaweza hata kula.

Kwa hiyo ni wakimbiaji wa masafa mafupi wote wawili. Tofauti ni kwamba pweza mbio zake ni za kukimbia adui, duma ni za kufuata chakula.

#20 Zabibu Chungu

Kwa nini duma anaishiwa haraka hivyo? Mbona mbwa mwitu anaweza kumfuata swala kilomita na kilomita?

#21 Ticha wa Bayo

Joto. Mwaka 1973 pale Harvard walimweka duma kwenye mashine ya kukimbilia. Joto la mwili likifika kama nyuzi 40.5 anagoma. Injini inachemka.

#22 Bwenini UDOM

Ticha, samahani, hiyo imeshapingwa. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya duma wa Namibia waliowekewa vipima joto ndani ya mwili wakawa wanawinda wenyewe. Walipoacha kukimbia, joto lilikuwa la kawaida tu. Lilipanda baadaye, wakiwa wamesimama. Na cha ajabu, waliokamata windo joto lao lilipanda zaidi kuliko waliokosa, japo mbio zilikuwa za aina moja.

#23 Dereva wa Iringa Road

Hilo nalielewa bila mashine. Aliyekamata ana wasiwasi. Ana nyama chini na anajua simba, fisi na chui wako jirani. Mtazame anapokula: anainua kichwa kila baada ya tonge. Aliyekosa hana cha kuibiwa.

#24 Ticha wa Bayo

Inawezekana. Lakini kule kupimwa Namibia hakuelezi kwa nini anaacha kukimbia. Kama si joto, basi ni misuli: imejengwa kwa mlipuko wa nguvu bila oksijeni, na deni hilo lazima lilipwe. Mimi bado naona joto limo pia, hasa jua la saa saba.

#25 Kalamu Nyekundu

Au anaacha kwa sababu ameshaona hesabu haikubali. Swala akiwa mbele sana baada ya mita mia mbili, kuendelea ni hasara. Kuna utafiti wa 2014 ulioonyesha kwamba kinachokula nguvu nyingi za duma ni kutembea kutafuta windo. Mbio zenyewe ni fupi mno, hazichukui sehemu kubwa. Na hata kuibiwa nyama mara moja moja hakumuui njaa, analazimika tu kutembea zaidi.

#26 Mtu wa Lindi

Nimeambiwa natajwatajwa huku, nikafungua akaunti.

Mmeniandikia utetezi vizuri, nashukuru. Nyongeza yangu ni ndogo. Duma analelewa na mama mwaka mmoja na nusu hivi, anafundishwa, analetewa swala mdogo akiwa hai ajifunze kumwangusha. Pweza hamjui mama wala baba. Mama anataga mayai maelfu kwa maelfu, anayalinda tunduni bila kula, anayapulizia maji, yakianguliwa naye amekwisha, anakufa. Mtoto anaelea baharini akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, anatua mwambani, na ndani ya mwaka mmoja na kidogo amejifunza yote, amewinda, amezaa, amekufa. Mwaka mmoja! Hapo ndipo ninaposema uhodari. Hakuna shule.

#27 Binti Kisiwani

Na ndiyo maana huko kwetu wakifunga mwamba miezi michache tu, wakifungua pweza washakuwa wakubwa. Kisiwa Panza wanafanya hivyo. Mnyama anayekua haraka, ukimpa nafasi kidogo anakurudishia.

#28 Kalamu Nyekundu

Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga miamba ya pweza mwaka 2004, na vijiji vingi vya pwani ya huko vikaiga.

#29 Bwenini UDOM

Ila kwa nini mnyama mwenye akili kiasi hicho aishi mwaka mmoja? Haingii akilini. Tembo ana akili, anaishi miaka sitini. Sokwe hivyo hivyo.

#30 Ticha wa Bayo

Wapo wanaosema ni kwa sababu alipoteza gamba. Ukoo wake ni wa konokono na chaza, yeye akaliacha gamba akabaki nyama tupu. Kila samaki anamtaka. Akili ikakua kwa sababu ya hatari, na umri ukafupika kwa sababu hiyo hiyo: hakuna faida ya kupanga uzee usioufikia. Wengine wanaangalia tezi iliyo karibu na macho. Mwaka 1977 mtafiti Wodinsky aliitoa kwa majike waliokuwa wanalinda mayai, wakaacha mayai, wakarudi kula, wakaishi zaidi. Kwa hiyo kifo kimewekwa ndani kwa makusudi. Sasa kimewekwa kwa nini? Labda ili asiwale watoto wake, maana pweza hula pweza. Hapo kila mtu ana lake.

#31 Mpiga Debe wa Nane Nane

Akili gani bana. Aliyetabiri Kombe la Dunia 2010 ndiye alikuwa na akili. Paul wa Ujerumani, mechi nane, zote nane. Dodoma Jiji wangemsajili tungekuwa mbali.

#32 Kalamu Nyekundu

Alikuwa anachagua kisanduku chenye bendera. Wapo waliosema alipenda mistari ya mlalo, na bendera za Ujerumani na Hispania zote zina mistari hiyo. Euro ya 2008 alikosea mara mbili, hiyo hamuisemi.

#33 Mpiga Debe wa Nane Nane

Mechi mbili tu? Bado anawashinda wachambuzi wetu wote.

#34 Shemeji wa Mpwapwa

Samahanini, mimi nilikuja kwa ajili ya supu. Ni kweli inaongeza nguvu za kiume au tunaliwa hela tu pale stendi?

#35 Ticha wa Bayo

Ina protini nzuri na madini. Ukiwa na njaa na uchovu, ukanywa supu ya moto yenye pilipili, lazima usikie tofauti. Zaidi ya hapo ni imani yako.

#36 Mtu wa Lindi

Ticha usituharibie biashara.

#37 Zabibu Chungu

Wakuu, naona pweza anapewa kura nyingi. Hebu nimrudishe duma kwa upande wa ujanja, maana mnamwona mkimbiaji tu. Dereva, ile habari ya nyegere ni ya kweli?

#38 Dereva wa Iringa Road

Watoto wa duma wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, chini weusi. Ukiwaona kwa mbali unaweza kudhani ni nyegere, na nyegere hakuna anayemchokoza, hata simba hufikiria mara mbili. Kwa hiyo wanasema ni kujigeuza sura.

Wengine hawakubaliani, wanasema yale manyoya yanawaficha tu kwenye majani makavu. Sijui simba gani alihojiwa. Ninachokijua ni kwamba Serengeti, kwa utafiti wa miaka ya nyuma, watoto wengi sana walikuwa wanakufa kabla ya kujitegemea, na simba ndiye aliyewaua zaidi. Kama ni ujanja, basi simba wa Serengeti wameshaujua.

#39 Binti Kisiwani

Kwa kujigeuza sura msishindane na pweza jamani. Kuna yule wa Indonesia anayejifanya samaki bapa, nyoka wa baharini, hata samaki chale mwenye miba ya sumu. Kulingana na anayemtisha.

#40 Kalamu Nyekundu

Thaumoctopus mimicus. Aligunduliwa Sulawesi mwaka 1998. Na kituko ni kwamba pweza, kwa tunavyojua, macho yake yana aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga. Yaani haoni rangi kama sisi, na bado anaigiza rangi za mwamba. Wapo wanaodhani ile mboni yake ya ajabu inamsaidia kutofautisha rangi kwa njia nyingine. Wapo wanaosema ni ngozi yenyewe inayohisi mwanga.

#41 Mfugaji wa Chemba

Anayeweza kujigeuza na haoni rangi. Huyo mtatuambia lini kwamba ni jini?

#42 Bwenini UDOM

Mzee, subiri hii. Huyu huyu wa miamba yetu amerekodiwa Bahari ya Shamu akiwinda pamoja na samaki. Samaki wanatafuta mawindo, pweza anaingiza mikono kwenye matundu. Na kuna samaki akizubaa au akileta udokozi, pweza anamchapa ngumi. Ngumi kabisa, mkono mmoja, pap! Ripoti ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2020. Ya 2024 ikasema kwenye kundi pweza ndiye anayeamua waondoke lini, na samaki wanaamua waelekee wapi.

#43 Zabibu Chungu

Duma dume nao wanaungana, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, wawili watatu maisha yao yote. Hawapigani ngumi.

#44 Mtu wa Lindi

Hawapigani ngumi kwa sababu kuna fisi wa kuwapiga.

#45 Dereva wa Iringa Road

Hahaha. Lakini jamani, mnawapima kwa mizani mbili. Pweza anafika kwenye kaa ambaye hawezi kukimbia mbali. Swala ana miguu minne, masikio, na ndugu ishirini wanaomwangalizia. Mpeni pweza swala tuone.

#46 Binti Kisiwani

Na nyie mpeni duma chaza, tuone atamfungua lini.

#47 Mgeni Leo

Nimesoma kurasa zote. Na yule mbwa mwitu aliyeulizwa #20, mbona mmemruka? Huyo hachoki, hafichi sura, na watoto wanakula kwanza.

#48 Kiti cha Mbele

Fungua uzi wako mkuu, mimi nitahamisha kiti.